Bima Mpya ya Afya na Biashara Ndogo: Mzigo Uko Wapi?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mwajiri nchini Kenya, awe na mfanyakazi mmoja au elfu moja, anatakiwa kukata asilimia 2.75 ya mshahara ghafi wa kila aliyemwajiri na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Siku hiyo ilihitimisha enzi ya NHIF, hazina ya bima ya afya iliyowahudumia Wakenya tangu 1966. Mjadala mkali uliofuata ulihusu zaidi mwalimu, daktari na mfanyakazi wa ofisini, ambao makato yao yanaonekana wazi kwenye hati ya mshahara. Mwenye saluni, fundi cherehani, muuza duka na mama mboga walizungumziwa kama watu wa kusajiliwa tu. Ni nadra kusikia wakizungumziwa kama watu wanaoendesha biashara zenye mapato, matumizi na madeni yake.

Hilo ni pengo kubwa. Uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na milioni 5.85 kati yake hazikuwa na leseni. Biashara hizo ziliwapa kazi watu wapatao milioni 14.9. Huwezi kujenga bima ya afya kwa wote bila kundi hili, kwa sababu kundi hili ndilo karibu wote.

Nimezipiga hesabu za sheria hii nikiwa upande wa biashara ndogo, na zinaonyesha jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa biashara nyingi ndogo, kiwango cha mchango wa wafanyakazi kinabebeka. Kinachoumiza ni namna mchango unavyodaiwa kwa mwenye biashara mwenyewe, pamoja na wasiwasi iwapo huduma itapatikana siku ya kuugua.

Gharama iliyokuwapo kabla ya sheria

Tusianze kana kwamba sheria ndiyo iliyoleta gharama ya ugonjwa kwenye biashara ndogo. Gharama hiyo ilikuwapo siku zote, ila haikuandikwa popote.

Chukua karakana ya useremala yenye mafundi wawili na kijana wa kupiga msasa. Mtoto wa fundi mmoja analazwa usiku. Simu ya kwanza fundi anampigia mkewe. Ya pili anampigia mwenye karakana kuomba advansi. Pesa inayotolewa ni ile iliyotengwa kununua mbao za kitanda ambacho mteja ameshalipia nusu. Kitanda kinachelewa, mteja anakasirika, na fundi haonekani kazini kwa wiki nzima. Akirudi, anakatwa kidogo kidogo kwa miezi, au anahama na deni lake. Wakati huohuo kundi la WhatsApp limefunguliwa la mchango wa hospitali, na jina la mwenye karakana linatarajiwa kuwa juu kwenye orodha.

Akiugua mwenye karakana mwenyewe, mambo huwa mabaya zaidi. Mtaji wa biashara ndogo na akiba ya nyumbani huwa mfuko mmoja. Randa ya umeme inauzwa ili bili ilipwe, na mtu anatoka hospitalini akiwa mzima lakini hana kazi ya kurudia.

Kwa hiyo mwajiri mdogo amekuwa kampuni ya bima ya wafanyakazi wake kwa miaka yote hii, bila hazina wala kanuni. Mfumo wa kitaifa unaofanya kazi ungemwondolea mzigo huo. Swali ni kama huu wa sasa unafanya hivyo.

Sheria ilivyozaliwa

Tarehe 19 Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia saini sheria nne: ya Bima ya Afya ya Jamii, ya Huduma za Afya ya Msingi, ya Afya Dijitali, na ya kuviwezesha vituo vya umma kutumia mapato yake. Mpango mpya una hazina tatu. Ya kwanza hugharamia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya. Ya pili, inayojulikana kwa kifupi cha SHIF, hupokea michango na kulipia matibabu ya hospitali. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, inayoingia pale mgao wa ile ya pili unapokwisha.

Safari yake haikuwa nyepesi. Mahakama Kuu ilizisimamisha tatu kati ya sheria hizo mwezi uliofuata, kisha Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikaruhusu utekelezaji isipokuwa vifungu kadhaa, kikiwamo kilichotaka mtu athibitishe kuwa amelipa bima kabla ya kupata huduma za serikali. Julai 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza sheria tatu kuwa kinyume cha Katiba kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Septemba, Mahakama ya Rufani ilisitisha uamuzi huo, na siku chache baadaye SHA ikaanza kazi nchi nzima.

Kampuni kubwa ilifuatilia panda shuka hizo kwa msaada wa wakili na mhasibu. Mwenye duka alizifuatilia kwa redio na uvumi. Leo anaambiwa mfumo umesimamishwa, kesho anaambiwa umeanza, keshokutwa anaambiwa faini inamngoja. Sheria inayoyumba humgharimu zaidi yule asiye na mtu wa kumtafsiria.

Hesabu ya mfanyakazi

Chini ya NHIF, kuanzia Aprili 2015, waajiriwa walilipa kwa madaraja, kutoka shilingi 150 hadi 1,700 kwa mwezi. Aliyepata mshahara wa shilingi 18,000 alikatwa 600. Sasa asilimia 2.75 ya mshahara huohuo ni shilingi 495. Aliyepata 20,000 alikatwa 750. Sasa anakatwa 550. Mwenye 30,000 alikatwa 900. Sasa ni 825. Hali inabadilika mshahara unapokaribia 35,000. Mwenye 50,000 ametoka 1,200 hadi 1,375, na mwenye 100,000 ametoka 1,700 hadi 2,750, kwa kuwa hakuna tena kiwango cha juu cha kukomea.

Wafanyakazi wengi wa biashara ndogo wako chini ya mstari huo wa 35,000. Kwao, sheria mpya imepunguza makato. Isitoshe, mchango huu wote hutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri haongezi chochote kutoka mfukoni mwake. Kwenye karatasi, basi, mwajiri mdogo hana la kulalamikia.

Lakini mishahara ya biashara ndogo haipangwi kwenye karatasi. Mfanyakazi wa mgahawa anapokubaliana na mwenye mgahawa, wanazungumzia pesa ya mkononi. Akiambiwa 18,000, anatarajia kuhesabu 18,000. Mwajiri akianza kufuata sheria, kwa viwango vya 2025 atakata 495 za SHIF, 1,080 za NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni, na 270 za ushuru wa nyumba. Mfanyakazi anabaki na 16,155. Juu yake mwajiri anaongeza 1,080 nyingine za NSSF, 270 za ushuru wa nyumba na 50 za mafunzo ya viwandani. Mfanyakazi atanung'unika, naye mwajiri atachagua kati ya kuongeza mshahara ili kufidia makato, kumpoteza mfanyakazi, au kuendelea kulipa nje ya vitabu kama zamani.

Hapo ndipo tunapaswa kuwa waangalifu na lawama. SHIF ni sehemu ndogo ya makato hayo, chini ya theluthi moja. Lakini imekuja baada ya viwango vipya vya NSSF vilivyoanza kutekelezwa 2023 na ushuru wa nyumba wa 2024, na yote yanadaiwa katika siku zilezile za mwanzo wa mwezi, wakati kodi ya chumba cha biashara nayo inadaiwa. Biashara haioni malipo manne yenye malengo manne. Inaona tarehe 9.

Hesabu ya mwenye biashara

Kwa mwenye biashara mwenyewe, mambo yamegeuka kabisa. Zamani aliyejiajiri alilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi, kiasi kimoja kwa wote. Akikosa mwezi mmoja alijua amekosa 500.

Sasa kaya isiyo na mshahara inapimwa uwezo wake. Mtu anajibu maswali kuhusu nyumba anamoishi, kuta na paa lake, maji anayotumia, choo, nishati ya kupikia na idadi ya watu anaowalea. Mfumo unakadiria mapato ya kaya kutokana na majibu hayo, kisha unatoza asilimia 2.75. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Jambo kubwa ni kwamba mchango huo unadaiwa wa mwaka mzima, tena mapema.

Anayekadiriwa kupata 30,000 kwa mwezi anadaiwa 9,900 kwa mpigo. Hata anayewekwa kwenye kiwango cha chini kabisa anatakiwa kuwa na 3,600 kwa wakati mmoja. Kwa mtu anayenunua kreti mbili za nyanya alfajiri kwa pesa ya mauzo ya jana, hizo ndizo nyanya zenyewe. Akizitoa, kibanda hakifunguliwi.

Makadirio nayo yana kasoro ya asili. Paa la mabati na stima ndani ya nyumba havionyeshi kama biashara ilipata faida mwezi huu. Mwenye duka anaweza kuishi katika nyumba nzuri aliyoijenga miaka kumi iliyopita, huku rafu zake zikiwa zimejaa bidhaa za mkopo. Wengi wamelalamika kwamba kiasi walichokadiriwa hakilingani na hali yao, na malalamiko hayo yanastahili kusikilizwa, kwa sababu anayehisi ameonewa halipi.

Hata nafuu ya kodi imempita. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa SHIF huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa. Anayefaidika ni mwenye mshahara unaotozwa kodi. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya mauzo ya asilimia 3 hutozwa kwenye mauzo yote bila kutoa gharama yoyote, kwa hiyo nafuu hiyo kwake ni maneno tu.

Wanawake wenye biashara ndogo wameguswa kwa njia ya pekee. Kwa miaka kadhaa mpango wa Linda Mama uliwawezesha kujifungua bila kulipa mchango wowote. Sasa huduma hiyo imeingizwa ndani ya bima, na kujifungua kunalipiwa ikiwa kaya imekamilisha mchango wake: shilingi 10,000 kwa njia ya kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Muuza mitumba mwenye ujauzito ambaye hajafikisha pesa ya mwaka yuko mbali na huduma kuliko alivyokuwa mwaka 2020.

Matokeo yake ni pengo kati ya kusajiliwa na kulipa. Kufikia katikati ya 2025, zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamesajiliwa na SHA. Sehemu ndogo tu ya waliojiajiri ilikuwa imelipa mchango wa mwaka. Serikali ilitambua tatizo na mwaka huo ikaanzisha mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kulipiwa mchango kwa mkopo kisha yeye arejeshe kidogo kidogo. Ni hatua njema, lakini njia yake ni ya mzunguko. Mtu ambaye angeweza kulipa 300 kila mwezi anawekwa kwanza kwenye deni ili aruhusiwe kulipa 300 kila mwezi.

Walio katikati

Kati ya mwajiriwa na mwenye biashara kuna kundi kubwa ambalo sheria haijui iliweke wapi. Msusi anayekodi kiti ndani ya saluni na kugawana mapato na mwenyewe si mwajiriwa kwa maana ya kawaida. Kibarua wa mjengo anafanya kazi siku nne kwa mtu huyu na siku mbili kwa mwingine. Kijana wa bodaboda anampelekea mwenye pikipiki kiasi fulani kila jioni.

Mwajiri akiwaita wafanyakazi, anabeba kazi ya kukata na kuwasilisha michango yao. Akiwaita watu waliojiajiri, mzigo wa mchango wa mwaka unawaangukia wao. Kwa hiyo mwenye biashara ana kila sababu ya kutowaandika kazi rasmi, na sheria iliyokusudiwa kuwakinga watu inaweza kuwasukuma zaidi nje ya ajira rasmi. Ukitaka kujua kama mageuzi ya bima yamefaulu, watazame hawa kwanza.

Kliniki ndogo nazo ni biashara

Kuna biashara ndogo nyingine ambazo huguswa na sheria hii kutoka upande wa pili: kliniki za mitaani, nyumba za kujifungulia na hospitali ndogo za kibinafsi. Muuguzi aliyestaafu na kufungua kliniki ya vyumba vinne anaajiri, analipa kodi ya jengo na kununua dawa kwa pesa taslimu. Kwake SHA ni mteja mkubwa kuliko wote, na mteja huyo hulipa baadaye.

NHIF ilipofungwa iliacha madeni ya mabilioni ya shilingi kwa hospitali. Chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na vijijini, RUPHA, kimelalamika mara nyingi kuhusu malipo yanayochelewa, chini ya NHIF na chini ya SHA pia. Machi 2025 Rais Ruto alitangaza kwamba vituo vinavyodai shilingi milioni 10 au chini yake vingelipwa vyote, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Kiwango hicho chenyewe kinaonyesha ni vituo vya ukubwa gani vilivyokuwa vikisubiri.

Ukaguzi ni wa lazima, kwa kuwa madai ya uongo yameila bima ya umma kwa muda mrefu. Lakini kliniki isiyolipwa kwa miezi mitatu haina pa kujificha. Inamwambia mgonjwa alipe taslimu ingawa ana bima, au inafunga mlango. Mgonjwa huyo akiwa ni mwenye karakana wetu aliyetoa 9,900, hatalipa tena mwaka ujao, na atawaambia majirani wasilipe. Hivyo kuchelewa kwa malipo upande mmoja kunaua michango upande mwingine.

Wengine wamefanyaje

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Muswada wa kwanza, wa 2022, ulizua kelele kwa kufungamanisha bima na huduma nyingine kama leseni, na ukaondolewa kabla ya kurudi ukiwa umerekebishwa. Katika sekta rasmi mchango ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri analipa angalau nusu. Kwa mfanyakazi hiyo ni haki zaidi kuliko ya Kenya. Kwa mwajiri mdogo ni gharama ya moja kwa moja ya kila mtu anayemwandika kazi. Hata hivyo Tanzania ina mfano mzuri wa kuwasamehe wadogo: tozo ya kuendeleza ujuzi huwagusa waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea tu, kiwango kilichopandishwa kutoka wanne mwaka 2021.

Marekani ilikwenda na wazo hilo katika sheria ya afya iliyosainiwa na Barack Obama Machi 2010. Biashara zenye wafanyakazi wasiofika 50 wa kutwa hazilazimishwi kuwapa bima, na zile zenye wasiofika 25 wenye mishahara ya chini ziliwekewa nafuu ya kodi zikiwakatia. Ubaya wake ni kwamba mwenye wafanyakazi 49 anafikiri mara mbili kabla ya kumwajiri wa hamsini. Ukomo unawalinda wadogo, na palepale unaweza kuwazuia wasikue.

Rwanda imefika mbali kwa bima yake ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé. Michango ya kaya zisizo za mishahara iliwekwa katika viwango vichache vinavyojulikana, faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu kwa mwaka, na vikundi vya akiba vya vijijini vikatumika kukusanya pesa polepole kabla mwaka wa bima haujaanza. Mtu alijua anachodaiwa, na alikuwa na mahali pa kukiweka mapema. Kenya ina vyama vya akiba katika kila mtaa na pesa za simu katika kila mfuko. Tuna vifaa vya kufanya hivyo kuliko karibu nchi yoyote.

La kufanya

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii inaeleza jinsi biashara ndogo inavyoishi, na bima ya afya haina budi kuifuata. Kwanza, waliojiajiri waruhusiwe kulipa kwa mwezi, kwa wiki, hata kwa siku, moja kwa moja kupitia simu, bila mkopo katikati na bila riba. Hofu kwamba watu watalipa wakiugua tu ni ya kweli, lakini inaweza kuzuiwa kwa kuweka muda mfupi wa kusubiri kwa anayeanza au anayeacha na kurudi. Haihitaji pesa ya miezi kumi na miwili kwa mpigo.

Pili, vyama vya akiba, SACCO na vyama vya masoko vitambuliwe kisheria kama wakusanyaji wa michango ya wanachama wao. Tatu, kibarua awe na mchango wa siku unaomfuata yeye, ili mwajiri wa Jumatatu na wa Ijumaa wote waweze kuongeza kwenye akaunti moja. Nne, mwajiri mwenye watu wachache apewe fomu moja na malipo mamoja kwa makato yote, na makosa ya mwaka wa kwanza yarekebishwe kwa maelekezo badala ya faini. Tano, kliniki ndogo ziwe na tarehe ya kulipwa iliyoandikwa kwenye sheria, kama vile mwajiri alivyoandikiwa tarehe 9.

Kwa mwenye biashara anayesoma haya: usingoje sheria ikamilike ndipo ujisajili. Piga *147#, uone ulivyokadiriwa, na kama makadirio si ya kweli uyapinge kwa maandishi. Keti na wafanyakazi wako uwaonyeshe hesabu. Wengi hawajui kwamba makato yao ya bima yamepungua. Na mkutano wa maoni ya wananchi ukiitishwa katika kaunti yako, funga duka saa mbili uhudhurie. Sheria hizi zilikwama mahakamani kwa sababu watu kama wewe hawakuulizwa vya kutosha. Zikirekebishwa bila wewe kuwapo, zitaendelea kuandikwa kwa ajili ya watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi.